Safari ya kambi ya mpunga: Tela ni la mizigo, si la watoto

MSIMU wa kuamia ndege na kuvuna mpunga ukifika Ubaruku, wilayani Mbarali, baadhi ya nyumba hubaki na kufuli mlangoni kwa wiki kadhaa. Wenyewe wamehamia shambani. Mpunga ulioiva hauachwi peke yake: kuna kwelea kwelea, kuna ng'ombe, kuna wezi. Familia hufunga magodoro, sufuria, ndoo, vyandarua na turubai, zikaenda kupiga kambi kando ya majaruba mpaka kazi iishe.

Mwenye trekta au pawatila huvuta tela lake. Asiye nayo hutafuta pikapu ya zamani, ambayo imeshapita mikononi mwa mafundi wengi, akafunga nyuma yake tela la chuma lililochomelewa mtaani. Mizigo ikishapangwa, juu ya magodoro hubaki nafasi, na hapo ndipo watoto hupandishwa. Wanaambiwa washike kamba vizuri, safari inaanza.

Kwa mtoto hiyo ni raha ya mwaka mzima. Kwa mzazi ni nauli iliyookolewa. Lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Na juu ya tela hakuna mkanda, hakuna kiti, hakuna paa. Godoro halimshiki mtoto gari linapokata kona au kuingia shimoni. Akianguka mbele, tairi la tela linamfuata. Akianguka pembeni, barabara nyingi za mashambani zimepakana na mfereji wa maji.

Kuvuta ni rahisi, kusimama ni kazi

Wenye pikapu za zamani husifu injini: "Hii inavuta chochote." Huenda ni kweli. Tatizo ni breki. Tela nyingi za mtaani hazina breki zake, kwa hiyo uzito wote unasimamishwa na breki za gari la mbele. Watengenezaji wengi wa pikapu ndogo huweka kikomo cha karibu kilo 750 kwa tela lisilo na breki, tena kwa gari lililo zima.

Piga hesabu. Kama tela tupu lina kilo 300, zinabaki kilo 450. Hayo ni magunia manne na nusu ya kilo 100, na bado hujaweka ndoo wala godoro. Ukipakia magunia 15, umefika tani moja na nusu kabla ya kuhesabu tela lenyewe.

Mwendo nao huongeza hatari. Gari likitoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, umbali linaohitaji kusimama baada ya breki kukanyagwa hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Kwenye tambarare ya Usangu dereva anaweza asilione hilo. Ataliona akifika kwenye miteremko kama Kitonga mkoani Iringa, au kona 57 za barabara ya Chimala kwenda Matamba. Huko breki zikikanyagwa muda mrefu huchemka na kuacha kushika. Dawa yake ni kuingiza gia ndogo mapema, kabla mteremko haujaanza, ili injini isaidie kulizuia gari.

Moshi usioonekana

Wazazi wengine huwatoa watoto kwenye tela na kuwaweka nyuma ya pikapu, chini ya turubai, wasipigwe na jua na vumbi. Wanaona wamewasaidia. Hapo kuna hatari nyingine isiyotajwa sana: hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye bomba la moshi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na ubongo ndio huumia kwanza.

Mwaka 1992 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha taarifa ya madaktari wa Seattle, Marekani, kuhusu watoto 20 waliodhurika na hewa hiyo wakiwa nyuma ya pikapu. Watoto 17 walikuwa ndani ya boksi gumu lililofunikwa, watatu walikuwa chini ya turubai. Mmoja alifariki dunia, mwingine alibaki na madhara ya kudumu kwenye ubongo. Magari yale yalikuwa na bomba la moshi linalovuja, au linalotokea nyuma kabisa ya gari. Pikapu za namna hiyo si ngeni barabarani kwetu.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na usingizi mzito. Ndiyo maana ni rahisi mzazi kudanganyika. Mtoto aliyelala safarini huonekana amechoka tu, kumbe anazidiwa.

Kabla gari halijawashwa

Dakika 15 za ukaguzi nyumbani zinatosha kuona mengi:

• Breki: angalia mafuta ya breki na ujaribu gari likiwa na tela, mwendo mdogo, mahali pa wazi. Pedali ikizama, safari iahirishwe.

• Kiungo cha tela: pini iwe na kizuizi cha kuizuia kuchomoka. Ongeza mnyororo imara kutoka kwenye gari hadi kwenye tela. Kamba ya katani au mpira wa baiskeli havitoshi.

• Mzigo: vitu vizito viwekwe juu ya ekseli na kusogea mbele kidogo. Uzito unaokaa kwenye kiungo uwe karibu asilimia 10 ya uzito wa tela lote. Mzigo ukilalia nyuma, tela huanza kuyumba na kulivuta gari.

• Matairi na taa: tela lisiwe na tairi kipara, na liwe na taa au vibandiko vya kuakisi mwanga nyuma. Giza likiingia, tela lisilo na taa halionekani mpaka umelifikia.

• Bomba la moshi: likinguruma kuliko kawaida au kutoa moshi chini ya gari, fundi aliangalie kwanza.

Sheria za barabarani zinaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kwa pikapu ya zamani yenye tela, hata hizo ni nyingi.

Watoto wasafiri vipi?

Jibu fupi ni kwamba wakae ndani, kwenye kiti, au wapande usafiri mwingine. Ukweli ni kwamba si kila familia ina fedha ya nauli, na si kila mama ana wa kumwachia watoto. Lakini njia zipo. Pikapu inaweza kwenda mara mbili: kwanza mizigo, kisha watu ndani ya kabini kwa idadi ya viti. Majirani wenye mashamba jirani wanaweza kuchangia mafuta ya safari hiyo ya pili. Au mama na wadogo watangulie kwa usafiri wa abiria hadi kituo cha karibu, baba afuate na tela. Wanaosoma wanaweza kubaki kwa bibi au shangazi mpaka shule zifungwe.

Ikitokea mtoto ameanguka, asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono na miguu. Shikilia kichwa na shingo visitikisike, gandamiza kwa kitambaa safi panapotoka damu, mpeleke hospitali. Aliyelewa moshi apelekwe kwenye hewa safi mara moja, gari lizimwe, naye apelekwe kwa daktari hata kama ameamka. Hospitali ya wilaya iko Rujewa, lakini hospitali ya rufaa iko Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Ubaruku. Kwa mtoto aliyeumia kichwa, huo ni mwendo mrefu.

Mafuta ya safari ya pili yanauma, hasa kabla mpunga haujauzwa. Lakini gunia likidondoka barabarani, unarudi kuliokota.