Miezi Mitatu ya Miklós Rózsa

Sisi tuliolelewa na hadithi za Alfu Lela Ulela hatuna ugeni na Baghdad. Kwa hivyo ujanani, nilipoiona senema ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, macho yangu yalikuwa kwa jini atokaye chupani, lakini masikio yalikuwa kwenye muziki. Nikauliza: mtunzi ni nani?

Ni Miklós Rózsa, aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1907. Alianza kupiga fidla akiwa na umri wa miaka mitano, na huko shambani kwa baba yake alizisikia nyimbo za wanavijiji, akazihifadhi. Alisomea muziki Leipzig, akaishi Paris, kisha akenda London, alikoajiriwa na Mhungaria mwenziwe, Alexander Korda, mtengenezaji wa senema. Vita vilipopamba moto, kazi ya senema ile ya Baghdad ikahamishiwa Hollywood, naye akaifuata. Huko Marekani alikaa hadi alipofariki mwaka 1995.

Alipata tuzo ya Oscar mara tatu, ya mwisho kwa Ben-Hur ya mwaka 1959. Lakini linalonigusa mimi si tuzo. Mtunzi wa senema ni mtu wa kuagizwa: hapa watu walie, pale farasi watimke, na dakika ni hizi tu. Nasi washairi twaijua kazi hiyo. Nimetunga mashairi ya kusifu wagombea uchaguzi, nikalipwa, na leo sipendi yasomwe mbele yangu.

Rózsa aliiona hatari hiyo. Alipoingia mkataba na MGM mwaka 1948, alishika sharti moja: kila mwaka awe na miezi mitatu ya kutunga yake mwenyewe. Ndivyo mwaka 1953 alivyotunga utungo mkubwa wa fidla, ambao Jascha Heifetz aliupiga Dallas mwaka 1956. Nao una ladha ya nyimbo zile za kijijini.

Tena tazama mambo yalivyogeuka. Mwongozaji Billy Wilder aliupenda utungo huo, akamtaka Rózsa autumie katika senema yake ya mwaka 1970, The Private Life of Sherlock Holmes. Alichojitungia nafsi yake, senema yenyewe ikakifuata!

Ndugu mtunzi mwenzangu, chukua ujira wako, ni halali yako. Lakini jiwekee miezi yako mitatu. Na ukiikosa, basi hata alasiri moja kila wiki.