Mdogo wa kiume kwa Kiingereza: alianza kuwa mkuu, akaishia mnyonge

Kwa Kiswahili ukisema "mdogo wangu", tayari tumejua nani alitangulia kuzaliwa. Kinachobaki ni kuuliza: wa kiume au wa kike? Kiingereza kinafanya kinyume. "Brother" inakupa jinsia, lakini umri mpaka uongeze neno jingine. Je, hakijawahi kuwa na neno moja tu la mdogo wa kiume? Kimewahi, tena mawili, yote kutoka Ufaransa.

La kwanza ni "cadet". Mzizi wake ni caput ya Kilatini, yaani kichwa. Huko Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa, capdet alikuwa mkuu wa kikosi. Sasa, maofisa wengi wa Kigascony katika jeshi la mfalme walikuwa watoto wadogo wa makabaila, basi Wafaransa wakalichukua neno kwa maana ya mtoto wa kiume asiye wa kwanza. Lilifika Uingereza karne ya 17, likaja kuwa mwanafunzi wa uofisa: ndiye huyu kadeti tunayemjua. Uskoti likageuka "caddie", kijana wa kutumwatumwa mjini Edinburgh, baadaye mbeba vijiti vya gofu. Likakatwa tena, likawa "cad": mwanamume asiye na adabu.

La pili ni "puisne": puis ni baadaye, né ni aliyezaliwa. Linatamkwa sawasawa na "puny", na si bahati nasibu, maana ni neno lilelile lililoandikwa kama linavyosikika. Wanasheria walibaki na tahajia ya zamani, ndiyo maana majaji wa Mahakama Kuu walio chini ya Jaji Mkuu huitwa hivyo Uingereza, na hata Kenya waliitwa hivyo zamani. Mtaani "puny" ikawa dhaifu, kitu cha kudharauliwa.

Mbona maneno yote mawili yaliporomoka? Angalia urithi. Uingereza, mwenye ardhi akifa bila wosia, kwa kawaida ardhi yote ilimwendea mtoto wa kiume wa kwanza, mpaka sheria ya mwaka 1925 ilipoufuta utaratibu huo. Wadogo wake walitafuta riziki jeshini, kanisani au mahakamani.

Kwa hiyo ukikutana na "puny" kitabuni, kumbuka: zamani halikumtaja mtu dhaifu. Lilimtaja tu aliyechelewa kuzaliwa, na sheria ikamnyima shamba.