Kagua antena ya gari kabla ya mvua za Novemba

MMILIKI wa gari wa Itetemia, mjini Tabora, anapokuta zulia la gari lake limelowa baada ya mvua, aghalabu huulaumu mlango au kioo cha mbele. Hata hivyo, huenda maji hayo yameingilia juu kabisa, kwenye tundu la antena.

Bati la paa hutobolewa kiwandani ili kupitisha waya wa antena uendao kwenye redio. Kinachozuia maji mahali hapo ni kipande cha mpira kilichobanwa kwa nati kutoka ndani. Mpira ukikakamaa au nati ikilegea, maji hupenya, huufuata waya juu ya kitambaa cha dari, huteremka ndani ya nguzo za gari na kutokea mbali na yalikoingilia.

Madhara yake si uvundo na ukungu tu. Maji hayo huweza kufika kwenye fyuzi na viungo vya nyaya, hukausha betri kwa hitilafu za umeme, na huanzisha kutu kwenye bati.

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua kali, nalo ndilo hukausha na kupasua mpira. Mvua huja kufichua tu uharibifu uliokwisha kutokea. Kwa sababu hiyo, wakati mwafaka wa ukaguzi ni Septemba na Oktoba.

Aidha, magari mengi nchini yalitumika kwanza Japani, ambako masafa ya FM ni megahezi 76 hadi 95, ilhali Tanzania hutumia 88 hadi 108. Wapo wanaobadilisha redio pamoja na antena ili kupata vituo vya nyumbani. Antena mpya ikifungwa juu ya mpira wa zamani, maji hupata njia.

Upimaji wake ni rahisi. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji taratibu, akianzia chini ya kioo cha mbele na kupanda hadi kwenye antena. Mpangilio huo husaidia kutenganisha uvujaji wa kioo, wa keria na wa antena.

Ikithibitika kuwa ni antena, dawa ni kubadilisha mpira. Fundi ashushe dari kidogo, afungue nati, asugue kutu na kupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha afunge mpira mpya kwenye bati safi na kavu. Nati isikazwe kupita kiasi, kwani mpira hukatika na paa hubonyea. Kwa magari yenye mifuko ya hewa pembezoni mwa dari, kazi hiyo aachiwe fundi anayeifahamu, na betri itenganishwe kwanza.

Kuzungushia silikoni kwa nje ni nafuu ya muda tu. Silikoni yenye harufu ya siki huweza kuchochea kutu kwenye bati lililo wazi.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, alama ya rangi ya chai kwenye dari karibu na antena ni onyo. Ainue zulia na kupapasa chini yake kabla ya kulipa.