Kumfahamu Anayejitolea Kabla ya Kumkabidhi Watoto

Kabla ya ndoa kufungwa katika parokia zetu, majina ya wachumba hutangazwa kanisani, na waamini huombwa waseme kama wanajua kizuizi chochote. Hakuna bwana harusi anayeona kuwa ametukanwa. Kanuni ya 1069 ya Sheria ya Kanisa inamwajibisha kila mwamini kutoa taarifa ya kizuizi anachokijua kabla ya ndoa kufungwa. Sisi waseminari nasi tuna mlango wetu wa namna hiyo: kanuni ya 241 inadai kwamba aliyeondolewa katika seminari nyingine asipokelewe bila ushuhuda wa mkuu wake wa zamani, hasa kuhusu sababu ya kuondoka kwake.

Lakini mtu akisema anataka kuwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, au kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao, mara nyingi tunamshukuru na kumkabidhi kazi wiki hiyohiyo. Katika makala hii tunaeleza namna ya kumhakiki mtu kabla ya kumpa huduma hiyo, na kwa nini kufanya hivyo ni sehemu ya upendo.

Desturi ya zamani

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane walipokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, Mitume hawakumchukua yeyote aliyenyoosha mkono. Waliiambia jumuiya itafute watu saba wenye sifa njema. Wajane ndio waliokuwa watu wazima walio katika mazingira hatarishi wa wakati ule. Mtume Paulo naye, katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo sura ya 3, anataka mashemasi wajaribiwe kwanza, na askofu awe na ushuhuda mwema hata kwa walio nje ya Kanisa.

Kanisa la leo limeyaweka hayo katika sheria. Baba Mtakatifu Fransisko aliunda Tume ya Kipapa ya Kuwalinda Watoto mwaka 2014. Mwaka 2019 alitoa barua ya Vos estis lux mundi, akaihuisha mwaka 2023. Barua hiyo inadai kuwepo mahali panapojulikana pa kupokea taarifa za unyanyasaji, na inawawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa. Inamtaja pia mtu dhaifu: ni yule ambaye ugonjwa, ulemavu au kunyimwa uhuru kunapunguza uwezo wake wa kuelewa au kukataa anachofanyiwa, hata kama ni kwa muda tu. Kwa hiyo mgonjwa anayepelekewa Komunyo nyumbani anahusika, sawa na kijana mwenye ulemavu wa akili.

"Hapa tunafahamiana"

Hiki ndicho kipingamizi tunachokisikia mara nyingi. Tuchukue mfano wa Kolo, wilayani Kondoa. Ni kijiji, na watu wanajuana. Lakini Kolo iko kando ya barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Babati na Arusha, na inapokea wageni wanaokuja kuona michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mgeni wa michoro huanzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, kisha hupanda akiwa na mwongozaji. Hakuna anayesema utaratibu huo unamwita kila mgeni mwizi. Michoro ikiharibiwa hairudi, ndiyo maana inalindwa. Je, mtoto naye akiharibiwa?

Tena, hatari haitoki kwa wageni peke yao. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kumjua mtu kwa sura, kwa ukoo na kwa sauti yake katika kwaya si kujua anavyoishi na mtoto pasipo mtu mwingine.

Cheti cha polisi kinasema nini

Jeshi la Polisi hutoa hati ya tabia njema baada ya kulinganisha alama za vidole za mwombaji na kumbukumbu zake. Hati hiyo ina thamani, hasa kwa atakayelala na watoto kambini au bwenini. Mtu kutoka nje ya nchi alete hati ya huko alikokuwa akiishi. Lakini hati haiwezi kusema yale ambayo hayakufika polisi, au ambayo wazee waliyamaliza kwa faini ya mbuzi.

Uingereza ilijifunza hilo kwa uchungu. Agosti 2002, katika mji wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule ya sekondari. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba polisi wa eneo alikoishi awali walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa dhidi yake, nazo hazikumfikia mwajiri mpya. Zaidi ya hayo, jina lake lilihakikiwa kwa moja tu kati ya majina mawili aliyotumia. Kwetu, ambako mtu ana jina la ubatizo, la ukoo na la utani, somo hilo linatuhusu sana.

Hatua tano kwa parokia

Kwanza, mwombaji ajaze fomu: majina yote anayotumia, namba ya kitambulisho cha taifa, parokia na vijiji alikoishi, na huduma alizowahi kutoa.

Pili, alete barua ya paroko wake wa awali na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji au mtaa. Paroko ampigie aliyeandika, kwa namba aliyoipata mwenyewe, amwulize wazi: "Je, ungemwachia watoto?"

Tatu, waulizwe watu wawili au watatu wasio ndugu zake. Kondoa, ambako majirani zetu wengi ni Waislamu, jirani Mwislamu anaweza kutoa ushuhuda mzuri kuliko mwanakwaya mwenzake. Ndiyo maana ya ushuhuda wa walio nje.

Nne, awe na kipindi cha majaribio. Asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Daima wawepo walezi wawili. Kanuni hii iendelee hata baada ya majaribio, maana inamlinda pia mlezi dhidi ya kusingiziwa.

Tano, taarifa zihakikiwe upya baada ya miaka michache, na zitunzwe kwa siri ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai hivyo. Mambo ya mtu hayajadiliwi kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya.

Doa likionekana

Si kila neno baya ni kweli. Kuna chuki na ugomvi wa mashamba. Mwombaji aambiwe kilichosemwa, apewe nafasi ya kujibu. Lakini shaka nzito isipoondoka, apewe huduma nyingine isiyo ya watoto. Kujitolea ni karama nzuri, ila hakuna mwenye haki ya kudai akabidhiwe mtoto wa mwenzake.

Ikiwa kinachosikika ni kosa dhidi ya mtoto, kisimalizwe kwa kikao cha familia wala kwa kumhamishia mhusika kigango kingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Afisa ustawi wa jamii yupo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituoni, na namba 116 hupigwa bure. Siri ya kitubio inabaki kama ilivyo; lakini yanayosikika nje ya kiti cha kitubio hayana kinga hiyo.

Wengine wanahofu kwamba tutakosa watu wa kujitolea. Huenda wawili watatu wakaondoka. Mlezi mwema hatakasirika, kwa sababu anataka watoto wawe salama kuliko anavyotaka kusifiwa. Sisi waseminari tuanze: tunapotumwa parokiani likizo au mwaka wa uchungaji, tufike na barua zetu mkononi, tuombe kuhakikiwa kabla hatujaombwa. Nanyi wazazi, mlezi mpya akija, mwulizeni paroko kwa heshima: "Baba, huyu tumemwuliza wapi?"