Vijana 11,168 walipimwa moyo, sita 'waliofaulu' wakafa

KWENYE akademi za klabu za England, kinda anayepewa mkataba wa kwanza akiwa na miaka 16 haanzi na picha ya kuinua jezi. Anaanza kwa kuvua fulana. Analazwa kitandani, anabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine inachora mistari ya umeme wa moyo wake. Hiyo ndiyo ECG. Kisha anapakwa jeli ya baridi na kupigwa utrasaundi, ile ile ya wajawazito, ila hapa daktari anaangalia moyo: kuta zake zina unene gani, valvu zinafunga vizuri au zinavujisha damu. Halafu yanakuja maswali. Umewahi kuzimia ukikimbia? Kuna ndugu yako aliyefariki ghafla akiwa bado kijana?

Akimaliza anaambiwa yuko fiti. Anavaa daluga, anaenda zake mazoezini.

Kwa miaka mingi hilo neno "fiti" lilichukuliwa kama mhuri wa kudumu. Agosti 2018 watafiti wa London, akiwamo Dk Aneil Malhotra na Profesa Sanjay Sharma, bingwa wa mioyo ya wanamichezo, walichapisha majibu yao kwenye jarida la The New England Journal of Medicine, na mhuri ule ukaanza kufutika.

Walichukua mafaili ya makinda 11,168 waliopimwa chini ya mpango wa Chama cha Soka England (FA) kati ya 1996 na 2016. Wastani wa umri ulikuwa miaka 16, na 95 kati ya kila 100 walikuwa wavulana. Wakauliza swali rahisi: hawa watoto baadaye waliishia wapi?

Waliofariki kwa sababu zote, ajali na magonjwa mengine yakiwamo, walikuwa 23. Kati yao wanane waliuawa na moyo. Na kati ya hao wanane, sita walikuwa wamepita vipimo vyote bila kuonekana na tatizo lolote.

Wanane kati ya elfu kumi na moja unaweza kuona ni wachache. Lakini watafiti walipopiga hesabu kwa miaka waliyowafuatilia, ikatoka kifo kimoja kwa kila vijana 14,794 kwa mwaka. Ilete hesabu hiyo nyumbani. Jaza Uwanja wa Benjamin Mkapa watu 60,000, wote wawe makinda wa kiwango hicho. Kwa mwaka mmoja ungezika wanne. Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini vifo hivi ni adimu zaidi ya hivyo.

Sasa, iweje mtu apite ECG, apite utrasaundi, halafu moyo umuue?

Jibu liko kwenye muda. Kwa wastani vifo hivyo vilitokea karibu miaka saba baada ya kipimo. Saba kati ya wale wanane waliuawa na magonjwa ya misuli ya moyo, na mengi ya magonjwa haya ni ya kurithi. Yanakaa kimya utotoni. Kijana anaweza kuwa na moyo safi kabisa akiwa na miaka 16, ukuta ukaanza kunenepa au misuli ikaanza kuharibika akiwa na 19 au 20, wakati ambao ndiyo kwanza anapandishwa timu kubwa na mazoezi yanaongezeka mara mbili. Kumpima mara moja tu ni sawa na kuwasha VAR dakika ya 16 kisha kuizima hadi filimbi ya mwisho.

FA waliupokea utafiti huo kwa kuongeza vipimo vya marudio kwa wachezaji waliokwishavuka ile miaka 16. Na hapo ndipo habari yenyewe ilipo kwa yeyote anayelea vipaji, awe London au Mbagala. Kipimo cha moyo kwa kijana hakiishi siku ya kusaini.

Asije mtu akasema basi vipimo havina maana. Utafiti ule ule uliwanasa vijana 42 wenye kasoro zinazoweza kuua ghafla. Walio wengi kati yao walikuwa na njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo, kitu ambacho mtu huzaliwa nacho na kinaweza kuufanya moyo ukimbie ovyo. Dawa yake siyo kutundika daluga. Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa pajani hadi moyoni, anaichoma ile njia ya ziada, na baada ya kupona kijana anarudi kukipiga. Bila ile mistari ya ECG hakuna ambaye angejua.

Wakongwe wa soka la Afrika wanao mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1996 Nwankwo Kanu alikuwa na miaka 20, ametoka kutwaa dhahabu ya Olimpiki Atlanta akiwa nahodha wa Nigeria, akatua Inter Milan. Madaktari wa Inter wakakuta valvu ya moyo wake ina hitilafu. Wengi walijua amekwisha. Novemba mwaka huo alifanyiwa upasuaji Marekani, na 1997 akarudi uwanjani. Zile hat-trick na vyenga vya Arsenal vyote vilikuja baada ya kifua chake kupasuliwa. Mwaka 2000 akaanzisha taasisi ya kusaidia watoto wa Afrika wapate upasuaji wa moyo.

Marc-Vivien Foé hakubahatika. Juni 26, 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Cameroon na Colombia, uwanja wa Gerland mjini Lyon. Dakika ya 72 kiungo huyo alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili ulionyesha ukuta wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kiasi, ugonjwa wa kurithi ambao ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa wanamichezo vijana. Wachezaji wawili wa Afrika, mioyo miwili yenye hitilafu. Mmoja yake ilionekana mapema.

Kuna jambo jingine linalowahusu vijana wetu moja kwa moja, na halisemwi sana. Vigezo vya kusoma ECG ya mwanamichezo viliandikwa zaidi kwa kuwaangalia wazungu. Moyo wa mtu anayefanya mazoezi makali hubadilika, hilo ni la kawaida, lakini moyo wa mwanamichezo mweusi hubadilika kwa namna yake. Utafiti uliochapishwa 2011, Profesa Sharma akiwa tena miongoni mwa watafiti, ulilinganisha wanamichezo weusi zaidi ya 900 na wazungu zaidi ya 1,800. Ule mstari wa mwisho wa pigo la moyo kwenye ECG, ambao kwa kawaida huchomoza juu, ulikuwa umegeuka kuelekea chini kwa karibu 23 kati ya kila weusi 100. Kwa wazungu walikuwa hawafiki wanne.

Kwa kigezo cha zamani, ukiona mstari umegeuka unahisi ugonjwa. Piga picha ya dogo aliyetoka Mwanza au Kigoma, kaenda majaribio Ulaya, kacheza vizuri, halafu kwenye vipimo daktari anaitazama karatasi na kutikisa kichwa. Tiketi ya kurudi. Nyumbani magazeti yanaandika "afeli vipimo vya afya" na mitaani kila mtu anaongeza lake.

Mwaka 2017 mabingwa wa moyo wa kimataifa walikubaliana vigezo vipya vinavyotambua kwamba aina fulani za mstari huo kugeuka ni kawaida kwa mwanamichezo mweusi, na aina nyingine ni kawaida kwa mtoto ambaye hajafika miaka 16. Si kila aina lakini. Mstari ukigeuka upande wa kushoto wa moyo, bado ni kengele kwa mtu wa rangi yoyote, lazima vipimo viendelee. Kwa hiyo wakala au mzazi anayeambiwa mtoto wake ana tatizo asikimbilie kulia wala kubisha. Aombe karatasi, aipeleke kwa bingwa mwingine anayeijua mioyo ya wanamichezo. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo pale pale Muhimbili.

Ukirudi Afrika Mashariki, adui wa moyo wa kijana mara nyingi hatoki kwenye ukoo. Anatoka kooni. Mtoto anaugua mafindofindo, koo linauma, anapewa maji ya chumvi asukutue, siku chache anapona na kurudi kwenye chandimu. Kumbe ni bakteria, na kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili inapopambana nao inageuka kuzishambulia valvu za moyo. Ikijirudia mara kadhaa valvu zinapata makovu. Akifika miaka 17 anahema dakika ya 20, kocha anamwambia hana pumzi, akimbie zaidi.

Huyu adui watafiti wa Uganda walimfuata mpaka shuleni. Wakiwa na wenzao wa Marekani, walipima kwa utrasaundi mioyo ya watoto na vijana zaidi ya 100,000 wa miaka 5 hadi 17 kaskazini mwa nchi hiyo. Waliokutwa na dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa, wengi wao hawajisikii chochote, waligawanywa makundi mawili, kila moja likiwa na watoto karibu 400. Kundi la kwanza lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. La pili lilifuatiliwa bila sindano.

Majibu yalitoka mwishoni mwa 2021. Kwenye kundi lisilopata sindano, ugonjwa uliongezeka kwa watoto 33. Kwenye kundi la penisilini, watatu. Ingekuwa matokeo ya mechi watu wangesema imeuzwa. Na penisilini ni dawa ya zamani, ya bei ndogo kuliko jozi ya daluga za mtumba pale Karume. Kazi ngumu ni kumgundua mtoto mapema na kumfanya arudi kwenye sindano kila mwezi, maana ile sindano inauma kweli kweli.

Bado kuna wale ambao hakuna kipimo kitawanasa, kama wale sita wa England. Hao wanabaki kutegemea watu waliopo uwanjani siku hiyo.

Machi 17, 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa na miaka 23, alianguka White Hart Lane wakati Bolton ikicheza na Tottenham Kombe la FA. Alishapimwa moyo kabla. Moyo wake ulisimama dakika 78. Kilichomuokoa ni kukandamizwa kifua bila kuacha, mashine ya kushtua moyo kwa umeme, na bahati kwamba bingwa wa moyo, Dk Andrew Deaner, alikuwa jukwaani kama shabiki, akashuka kusaidia. Muamba hakucheza tena, ila yu hai. Christian Eriksen naye alianguka Copenhagen Juni 12, 2021, Denmark na Finland, wenzake wakamzunguka huku akikandamizwa kifua na kushtuliwa. Siku 1,100 baadaye aliifungia Denmark bao dhidi ya Slovenia kwenye Euro 2024, akiwa na kifaa cha kushtua moyo ndani ya mwili wake.

Bila kukandamizwa kifua na bila kushtuliwa, kila dakika inayopita inapunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Dakika kumi zikiisha, imebaki miujiza. Tangu 2013 FIFA imekuwa ikigawa kwa vyama wanachama begi la dharura lenye mashine hiyo.

Mashabiki wa Kagera wanakumbuka Desemba 2016, Kaitaba, ligi ya vijana, Mbao na Mwadui. Kinda wa Mbao alifunga bao, muda mfupi baadaye akaanguka na kufariki. Si kila anayeanguka uwanjani ameangushwa na moyo, lakini za kwanza kufanywa ni zile zile kwa yeyote asiyepumua: mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine apige simu na kutafuta mashine. Usimmwagie maji. Usimkalishe. Usimpakie bodaboda.

Hili halihitaji udaktari. Linafundishwa kwa mchana mmoja, na kwenye ndondo, ambako hakuna ECG, hakuna gari la wagonjwa, na daktari wa timu ni jamaa mwenye ndoo ya barafu, wa kwanza kufundishwa ni huyo huyo mwenye ndoo.