Krismasi Johannesburg: Sikukuu ya Aliyekosa pa Kulala

Kila mwaka ifikapo katikati ya mwezi Disemba, jiji la Johannesburg huanza kuhamwa. Kampuni za ujenzi hufunga kazi, viwanda vingi huzima mitambo, na wafanyakazi wenye bahati hupokea ule unaoitwa mshahara wa kumi na tatu. Kituo cha Park Station hufurika watu waliobeba mablanketi, mabeseni, televisheni na mifuko mikubwa ya mistari. Mabasi yanaelekea Limpopo, Rasi ya Mashariki, Lesotho, Msumbiji na Zimbabwe, na katika mpaka wa Beitbridge magari hupanga foleni usiku na mchana. Desturi hii inakaribia kuwa na umri wa jiji lenyewe. Tangu dhahabu ilipogunduliwa hapa mwaka 1886, Johannesburg imekuwa mahali pa kuchuma, na Krismasi imekuwa siku ya kurudi nyumbani na kile ulichochuma.

Hata hivyo wako wanaobaki. Sisi tuliozikimbia nchi zetu ni miongoni mwao. Katika mtaa wa Yeoville, ambako Kiswahili cha Bukavu, cha Goma na cha Bujumbura husikika sokoni sawa na Kizulu, Disemba huwa ni mwezi wa kuwaaga wengine. Majirani wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na sisi tunabaki na funguo zao na ahadi ya kumwagilia maua. Ni katika hali hiyo ndipo tunapenda leo kuizungumzia maana ya sikukuu hii, ambayo kwetu sisi Wakongomani huitwa Noeli, na kuuliza imetufikia vipi na inatudai nini.

Hapana shaka kwamba mgeni atakayefika Johannesburg katika mwezi huu atadhani Krismasi ni sikukuu ya maduka. Kuanzia Sandton City kaskazini hadi Maponya Mall huko Soweto, mapambo hutundikwa mapema, na nyimbo za theluji hupigwa wakati nje ni kiangazi, jua kali mchana na radi jioni. Isitoshe, katika miaka ya karibuni imeingia kutoka Marekani ile inayoitwa Ijumaa Nyeusi, siku ya mwisho wa Novemba ambapo maduka hushusha bei na watu hukanyagana milangoni. Hivyo msimu wa kununua umetangulia hata msimu wa kusali. Mzee mwenye ndevu nyeupe na joho jekundu ndiye anayepigwa picha na watoto, ilhali asili yake ni Nikolao, askofu wa Myra katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyekumbukwa kwa kuwasaidia maskini kwa siri. Alichokuwa akikitoa gizani, leo kinauzwa chini ya taa.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatuandiki haya tukiwa tumesimama pembeni kama waamuzi. Disemba 2024 sisi wenyewe tulikwenda dukani. Watoto wetu walikuwa wameona viatu ambavyo wenzao wa shule walivaa, nasi tukasema moyoni kwamba mtoto wa mkimbizi asionekane mtoto wa mkimbizi walau siku moja kwa mwaka. Fedha hazikutosha, tukaenda kwa mashonisa. Wasomaji walioishi Afrika Kusini wanamjua mtu huyu: ni mkopeshaji wa mtaani, asiye na ofisi wala karatasi nyingi, ambaye riba yake inaweza kufika hata nusu ya deni kwa mwezi mmoja. Tulinunua viatu, tukanunua kuku watatu, soda na keki. Ilikuwa siku nzuri, hatukatai.

Kisha ikaja Januari 2025. Usiku wa kuamkia tarehe 27 waasi wa M23 waliingia Goma. Umeme na maji vilikatika, kambi za waliohama makwao zilizouzunguka mji zikatawanyika, na simu zetu zikaanza kulia. Ndugu mmoja alitaka nauli ya kuvuka mpaka. Shangazi alitaka fedha ya dawa. Hawakuomba makubwa, kiasi walichohitaji kilikuwa kidogo kuliko bei ya jozi moja ya vile viatu. Nasi hatukuwa nacho, kwa sababu kila randi iliyoingia mwezi huo ilikuwa tayari ni ya mashonisa. Tulijibu simu kwa maneno ya faraja. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni Krismasi gani tuliyoisherehekea.

Ni vyema basi kurudi kwenye kisa chenyewe kama Injili zinavyokisimulia. Luka anaeleza kwamba Kaisari Augusto alitoa amri watu waandikishwe, na kila mtu akaenda katika mji wa asili yake. Kwa maneno ya leo tungesema ni mambo ya serikali na karatasi. Yusufu na Mariamu, aliyekuwa na mimba kubwa, walisafiri hadi Bethlehemu, na walipofika nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Mtoto akalazwa katika hori la kulishia mifugo. Wa kwanza kupewa habari walikuwa wachungaji waliokesha usiku na kondoo, yaani walinzi wa zamu, watu ambao katika mji kama huu wangekuwa wale wanaolinda magari barabarani. Mathayo naye anaongeza kwamba mfalme Herode alipotaka kumwua mtoto, wazazi walimchukua usiku na kukimbilia Misri. Kwa hiyo safari ya kwanza ndefu ya Yesu ilikuwa ya kukimbia, na hifadhi yake aliipata katika bara letu la Afrika. Hata majirani zetu Waislamu, wanaomheshimu Nabii Isa, wanasoma katika Sura ya Maryam kwamba mama yake alishikwa na uchungu akiwa peke yake kwenye shina la mtende. Katika masimulizi yote hayo hakuna karamu, na jambo linaloulizwa ni nani atakayempokea mtoto huyu.

Johannesburg imewahi kulijibu swali hilo. Katika kona ya barabara za Pritchard na Smal, katikati ya jiji, lipo kanisa la Central Methodist. Kando yake ni njia ya waenda kwa miguu iliyojaa maduka ya nguo na viatu. Katika miaka ya 2000, chini ya Askofu Paul Verryn, kanisa hilo lilifungua milango kwa wakimbizi na wahamiaji, wengi wao kutoka Zimbabwe. Kuna wakati watu zaidi ya 2,000 walilala humo kila usiku, kwenye sakafu, kwenye ngazi na katikati ya viti vya ibada. Palinuka, palikuwa na magonjwa, palikuwa na ugomvi na hata uhalifu, na wako Wakristo waliolalamika kwamba kanisa lao limeharibiwa. Tarehe 30 Januari 2008 polisi walivamia usiku na kukamata mamia ya watu. Mwezi Mei mwaka huohuo, ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra ziliua watu 62 nchini, na miongoni mwao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Wengi waliofukuzwa majumbani mwao walikimbilia makanisani na katika vituo vya polisi. Hifadhi ile ya Central Methodist ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014. Mwaka 2023, tarehe 31 Agosti, moto uliteketeza jengo la Usindiso katika Barabara ya Albert na kuua watu zaidi ya 70, wengi wao wakiwa wahamiaji waliokodi vyumba vilivyogawanywa kwa mbao na mapazia. Enzi za ubaguzi wa rangi jengo hilo lilikuwa ofisi ya kudhibiti vipande vya Waafrika. Baadaye likawa makazi ya wanawake waliokosa pa kwenda, na mwisho likatelekezwa. Waliokufa humo walikuwa wamekosa nafasi kwingine.

Kuna sura nyingine ya historia ya jiji hili ambayo vijana wengi hawaijui. Kabla ya Ijumaa Nyeusi kulikuwa na Krismasi Nyeusi. Baada ya polisi kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni 1976, na baada ya mamia ya watu kuuawa katika miezi iliyofuata, baraza la wanafunzi wa Soweto liliwataka wakazi waifanye Krismasi ya mwaka huo kuwa ya maombolezo. Watu waliombwa wasinunue zawadi wala nguo mpya, wasifanye karamu, na vilabu vya pombe vifungwe. Miaka 10 baadaye, Disemba 1986, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, chama cha UDF na makanisa waliwaomba tena watu wazime taa na kuwasha mishumaa kuwakumbuka waliofungwa na waliouawa. Katika kanisa la Regina Mundi, Soweto, alama za risasi za mwaka 1976 zinaonekana hadi leo. Waliokaa gizani na mshumaa mmoja mezani hawakuipunguza Krismasi. Tungethubutu kusema kwamba waliisogeza karibu zaidi na Bethlehemu.

Yapo mafunzo pia kwa Wakristo wa mila nyingine. Katika Barabara ya Jeppe, ambayo sasa inaitwa Rahima Moosa, wafanyabiashara wa Kihabeshi wanauza kwa jumla nguo ambazo nusu ya jiji, kama si zaidi, itazivaa tarehe 25 Disemba. Lakini walio Waorthodoksi miongoni mwao wakati huo wote wamefunga. Krismasi yao huadhimishwa tarehe 7 Januari, baada ya siku 43 za kutokula nyama, maziwa wala mayai. Tulipomuuliza mmoja wao kama haoni ajabu kuuza sikukuu ya wengine huku yeye tumbo li tupu, alicheka na kusema kwamba mtu akila kabla ya mgeni kufika, mgeni akija atakuta sufuria imekauka.

Bila shaka yupo atakayetuuliza: je, mnataka watu wasinunue chochote? Hapana. Mama anayeuza nyanya na mihogo katika soko la Yeoville anaitegemea Disemba ili Januari alipe ada na sare za shule. Kijana wa Kimalawi anayeshona nguo kibarazani anaipata faida ya mwaka katika wiki hizi tatu. Na mtoto wa Soweto anayevaa nguo mpya asubuhi ya Krismasi hafanyi dhambi. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo nguo mpya pekee ya mwaka. Furaha ya maskini haifai kudharauliwa na mtu aliyeshiba. Tunachokisema ni kwamba randi yetu inakwenda mahali fulani, na ni haki kuuliza inakwenda kwa nani, na inamwacha nani mlangoni. Tukinunua kwa mama wa sokoni, tumemlipia mtoto wake ada. Tukikopa kwa mashonisa ili majirani watuone, tumemfungia ndugu mlango kabla hajabisha.

Wenyeji wa hapa wana utaratibu wao wa akiba uitwao stokvel, ambao sisi tunaujua kama upatu au likelemba. Watu huchanga kidogo kidogo mwaka mzima, na Disemba hugawana fedha, au hununua kwa pamoja unga, mchele, mafuta na sukari. Katika kikundi chetu kidogo cha Yeoville, mjadala wa jinsi ya kutumia fungu la Disemba ulikuwa mkali kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Baadhi walisema watoto wamevumilia vya kutosha, waachiwe wafurahi. Wengine walisema walioko Goma na Bukavu hawana hata sufuria. Mama mmoja ambaye kwa kawaida huwa kimya alisema hivi: fungu ligawanywe kana kwamba kila nyumba ina mtu mmoja zaidi mezani, na sehemu ya huyo mmoja ndiyo ipelekwe nyumbani. Hakuna aliyepata la kumjibu. Ndivyo tulivyokubaliana. Watoto watakula wali na kuku, lakini kuku atakuwa mmoja, na viatu ni vile vya mwaka jana vilivyopigwa rangi.

Tunamaliza kwa kumkumbuka mtu aliyelihudumia jiji hili. Desmond Tutu, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria hapa Johannesburg mwaka 1975 na baadaye askofu wa jiji, alifariki dunia tarehe 26 Disemba 2021, siku ya pili ya Krismasi, ambayo Afrika Kusini huiita Siku ya Ukarimu. Alikuwa ameagiza mazishi yake yasiwe na fahari, na jeneza liwe la bei ya chini kabisa linalopatikana. Tarehe 1 Januari 2022 dunia iliona jeneza la mbao za msonobari lenye vishikio vya kamba, na shada moja la maua juu yake. Mtu aliyepata Tuzo ya Nobel aliondoka kama Bwana wake alivyoingia, akiwa amezungukwa na mbao tupu.

Tunawatakia wasomaji wetu wote, mliorudi makwenu na mliobaki ugenini, Noeli yenye amani. Mkipanga meza, pangeni kiti kimoja zaidi.