Kabla Kamera ya Zamani Haijatiwa Mafuta
Mtumiaji anayepeleka kamera ya zamani kwa fundi amuulize itatiwa mafuta gani, na mahali gani. Mabapa membamba yanayofungua na kuziba mwanga ndani ya lenzi hufanya kazi yakiwa makavu; utando mdogo wa mafuta huyagandisha. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, ambayo sifa yake ni kwa bolti, huifanya kamera ifyatuke vizuri dukani, kisha ikakwama tena nyumbani. Mafuta ya cherehani nayo hutambaa. Magurudumu ya meno hutosheka na tone la mafuta ya saa kwenye ncha ya sindano. Nyuzi za pete ya kurekebishia umbali hupakwa grisi isiyotiririka kwenye joto, baada ya ile ya zamani kusafishwa yote. Kabla ya kulipa, fyatua mara kadhaa kwa sekunde 1 ukitazama mabapa: yaking'aa kwa unyevu, kamera irudi mezani ikasafishwe.